Jirani Aliyekwisha Kuliliwa

Jina lake sitalitaja, na msidhani nimelisahau. Nalijua vizuri sana, na nikifika mwisho wa maneno haya mtaelewa kwa nini sikuliweka hapa. Kwangu mimi alikuwa Jirani. Watoto wa njiani walimwita Tonton Bahari, yaani Mjomba Bahari, kisha wakakimbia. Ndugu zake wa damu, wavuvi wa pale kwenye maporomoko, hawakumwita chochote, maana walikuwa wamekwisha kumlilia.

Nieleze, kwa sababu hata mimi nilichukua muda kuelewa. Mimi ni mtu wa Kasongo. Nililetwa Kisangani na mume, mume akafa, akaniachia cherehani ya mkono na nyumba ya udongo kando ya njia inayotoka kwa wavuvi kwenda sokoni. Ukoo ule wa jirani yangu, mtu wao akipotelea majini, hawangoji maiti. Wanangoja mto ujae na kupungua, kisha wanakaa kilio. Mama wa mtu anasimama ukingoni, analiita jina lake mara ya mwisho, na jina lile anapewa mtoto atakayezaliwa baadaye katika nyumba hiyo. Basi, limepata mwenyewe mpya. Yule aliyekwenda, hata akirudi na miguu yake miwili na kugonga mlango, waliomlilia hawasemi naye, hawali naye. Wanasema jina moja haliwezi kuvaliwa na watu wawili, watalivuta huku na huku, na mdogo ndiye atakayeumia. Ni mama peke yake, aliyelitoa, anayeweza kuliita tena.

Naye jirani yangu alirudi akagonga mlango.

Alikuwa ameondoka kijana, mtu wa kamba kwenye meli ya mto, akashuka mpaka Léo, mji mkuu, akachukua treni mpaka kwenye maji ya chumvi. Huko mdomoni mwa mto alimkuta Mzungu mmoja mzee mwenye mashua ndogo ya tanga, mashua ya watu wawili, na yule wa pili alikuwa bado anatafutwa. Wakatoka pamoja. Mpishi wa meli mmoja akaleta habari huku kwetu: mwenzenu ameingia bahari na kachombo kenye nguo, na hakuna meli iliyomwona tena. Wakalia. Jina akapewa mtoto wa dada yake. Kumbe mwenyewe mzima, yuko katikati ya maji, anaizunguka Afrika yote kwa upande wa kusini, mpaka Cape, kisha wakapanda hadi Dar es Salaam. Mzungu akauza mashua yake huko. Jirani akapanda treni ya Kigoma, akavuka ziwa, akapita kwetu Maniema, akashuka mto hadi Ubundu, na treni ya Ubundu ikamtema ng'ambo ya kushoto mchana kweupe. Aliondoka kwa upande wa chini wa mto, akarudi kwa upande wa juu.

Hapo ndipo alipokosea, maskini. Kwa watu wake, kinachoshuka kutoka juu ni kile ambacho mto umekibeba: magogo, majani, na waliokufa maji, wale wanaonaswa kwenye mitego mikubwa ya samaki pale kwenye mawe. Aliyeshuka na mto akiwa hai hupanda nao akiwa hai. Aliyetoweka huku akatokea kule, huyo ni wa maji. Mama yake alipoambiwa kwamba mwanawe amesimama uani, alifunga mlango na kukaa nyuma yake.

Mimi sikuwepo kwenye kilio kile, kwa hiyo sikumlilia. Alipopanga nyumba ya pili kutoka kwangu, katika njia nzima mimi peke yangu ndiye niliyeweza kumpa sahani ya chakula bila kuvunja mwiko. Ndivyo tulivyoanza, na ndivyo tulivyoendelea.

Sasa nimweleze alivyokuwa. Tuanze na mvua, maana mvua ndiyo iliyonifanya nimcheke kwanza. Mvua ya Kisangani haibishi hodi. Ikianza, watu wote mbio ndani, yeye anatoka nje. Anaweka beseni chini ya bati, linajaa, anamwaga. Linajaa tena, anachovya kidole, anaonja, anamwaga. Mimi niko dirishani, nasema, aa, huyu kweli alikufa.

"Jirani! Juu ya nini unamwanga mayi ya Mungu?"

"Ya kwanza iko na chumvi, Mama Zaina."

"Chumvi ya wapi? Hii si bati?"

Akatazama bati, akaona haya. Baadaye ndipo aliponieleza. Baharini unakunywa mvua, na mvua unaikinga kwa tanga. Lakini tanga limejaa chumvi, kwa hiyo mvua ya kwanza unaiacha iioshe nguo, huku kiu imekushika koo, na wewe unaonja, unaonja, mpaka chumvi inyamaze. Hilo ndilo neno lake, inyamaze. Miaka yote niliyokaa karibu naye hakuacha kuonja, ingawa mto mzima wa maji matamu ulikuwa unapita mbele ya macho yake.

Kitanda chake alikitundika kwa kamba. Alisema kitanda kisichotikisika kinamfanya aote ameanguka. Samaki hakula, yeye mtoto wa wavuvi! Alikula wale samaki wanaoruka, waliojitupa wenyewe ndani ya mashua, miezi na miezi, wabichi, waliokaushwa, waliochemshwa, mpaka moyo ukakinai. Nilipompikia samaki mara ya kwanza, alisukuma sahani polepole kwa kidole kimoja, kwa heshima kubwa, akauliza kama kuna maharage. Nikanuna siku mbili. Mtu amefiwa na jina lake mwenyewe, halafu anachagua mboga!

Na hasira alikuwa nayo. Wateja wangu walimwogopa. Alikuwa anapita, anaona nimekata kitambaa vibaya, anasema mbele ya mwenye kitambaa, "Hii imekatwa na meno?" Kisha anakwenda zake. Akiwa na furaha alikuwa mbaya zaidi, maana aliimba, na sauti hakupewa.

Mwanzoni watu walimjia ili wasikie habari za bahari. Wakamkaribisha kwenye kilauri cha pombe, wakajipanga kwenye viti. Bon, Tonton, tuelezee. Uliona nini kule?

"Mayi."

"Na kisha?"

"Mayi."

"Mami Wata, jini ya mayi, hukumuona? Hata nywele yake?"

"Hapana. Hakuna kintu kule, bandugu. Iko mayi, iko upepo, iko wewe."

Wakaondoka, wakaenda kumsikiliza askari mmoja mzee aliyepelekwa vitani kwa meli, akarudi na Mami Wata watatu na samaki aliyemeza kengele. Jirani hakukasirika hata kidogo. Alisema askari anasema vizuri, hata yeye angependa kusafiri kwenye bahari ile ya askari.

Mimi alinieleza kidogo kidogo, na kila mara nikiwa nashona, maana alipenda mtu anayemsikiliza awe anatazama kitu kingine. Siku moja alichukua kipande cha kitambaa changu, akakitandaza mezani, akaweka kidonge cha uzi huku na sindano kule. Hapa mdomo wa mto. Hapa Cape, kusini kabisa. Nikasema basi mnashuka tu, pwani mmeiona, mnaifuata. Akacheka. Upepo unatoka kule kule mnakokwenda, na maji yanakuja nao. Ukifuata pwani, unakaa mwaka unatazama mlima mmoja. Kwa hiyo wao walikwenda magharibi. Kidonge cha uzi kikatembea, kikatembea, kikaiacha Afrika, kikakaribia ukingo wa meza ambako alisema ni Brazili, ndipo kikakata kona kusini, kikapata upepo mwingine, na huo ukawarudisha mashariki mpaka kwenye sindano.

"Juu ya kwenda karibu, tulienda mbali," akasema. "Njia ya mufupi, baharini, njo ya kukuua."

Nilimwuliza kama hawakuogopa. Alisema uoga ulikuwa wa siku za dhoruba, na siku za dhoruba si nyingi. Nyingi ni zile nyingine. Alieleza hivi: mashua ile haiwezi kuachwa peke yake hata kidogo, kwa hiyo mmoja akishika usukani, mwingine analala. Mmoja anapoamka, mwenzake tayari macho yanafunga. Mzungu yule hakuwa mtu mbaya, alimwachia kahawa ikiwa bado moto, akamgusa bega, akaenda kulala. Miezi yote hiyo, wamekula pamoja mara chache tu za kuhesabika.

"Tulikuwa babili, Mama Zaina, lakini kila mutu alikuwa peke yake. Nilikuwa najua mutu iko, juu kahawa iko moto."

Niliacha kuzungusha cherehani. Nyumba yangu ilikuwa hivyo hivyo tangu mume wangu afe, ila kahawa ilikuwa baridi.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililonichoma kuliko yote. Njia yetu ilipitwa na wavuvi kutwa nzima. Dada yake alipita na beseni la samaki kichwani, macho mbele, shingo haigeuki. Nyuma yake mtoto, mtundu, anasimama kila mahali kuokota kokoto. Na dada analiita lile jina: njoo, fanya haraka, utapotea! Na kila lilipoitwa, jirani yangu, popote alipokuwa amekaa, aliinuka nusu. Nusu tu. Magoti yanakunjuka, mikono inashika kiti, kisha anakumbuka, anakaa. Mwaka wa kwanza aliinuka kila siku. Baadaye ikawa mabega tu. Mwishowe jina likapita uani kama jina la mtu mwingine yeyote, naye akaendelea kumenya muhogo wake. Siku ile nilipoona hainuki tena ndiyo niliyolia. Wao walilia mapema, mimi nililia baadaye, tukawa sawa.

Mama yake alikuwa mteja wangu. Ndiyo, wote wawili walikuja kwangu, huyu asubuhi na yule jioni, na kiti kilikuwa kimoja. Bibi yule macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu, lakini vidole vyake vilikuwa na macho yao. Nikimpa blauzi mpya, alipitisha kidole kwenye mshono kutoka kwapa hadi kiunoni. Mimi nikimaliza mshono narudi nyuma kidogo na kufunga fundo, mume wangu alinifundisha hivyo, na fundo lile likawa linauma kidogo kama mbegu ya nyanya.

"Mushono yako iko natembea sawa bata," alikuwa anasema akilipata fundo. "Inafika nyumbani, inageuka kuangalia."

Siku moja, kidole kiko kwenye mshono, aliniuliza bila kutaja nani. "Iko nakula?"

"Anakula, mama."

"Samaki?"

"Hapana. Maharage."

Akatoa pumzi kwa pua. "Mutoto wangu alikuwa anapenda samaki. Unaona? Haiko yeye."

"Mama, ukila samaki miezi na miezi, hata wewe utaomba maharage."

Nilijua kwamba jirani alishajaribu njia moja: alipanda meli ya mto mpaka Isangi, akapanda nyingine kurudi, ili atokee upande wa chini kama inavyotakiwa. Alishuka bandarini na sanduku lake, suruali amepiga pasi, na hakuna aliyekuja. Nikamkumbusha bibi jambo hilo.

"Meli ya chuma inaleta kila mutu, hata mwizi," akasema. "Batu waliniambia kachombo kenye nguo njo kalimubeba. Nililia mutu wa ile chombo. Kama iko yeye, ile chombo imurudishe, kutoka chini, na upepo wake, batu bote baone. Hapo nitaita." Kisha akakishika kitambaa kwa mikono miwili. "Na nikiita, mutoto akianguka? Utanisaidia kulia, Zaina? Nimelia moja. Siwezi kulia mbili."

Basi kumbe hakuwa mama mwenye moyo wa jiwe, kama nilivyomsema kwa majirani. Alikuwa na watoto wawili katika jina moja, na alikuwa anamshika yule aliyekuwa karibu na mkono wake.

Nikampelekea jirani maneno yale pamoja na maharage yake. Alikula mpaka akamaliza, akafuta sahani kwa kipande cha muhogo.

"Ile chombo iliuzwa," akasema.

"Basi."

"Basi," akasema.

Kesho yake akaenda kumtafuta mtu wa Opala anayeuza mbao. Nilipomwuliza kama anataka kumdanganya mama yake, alinijia juu. Alisema hadanganyi mtu, akiulizwa atajibu. Lakini hakuna aliyesema kwamba chombo hakiwezi kuzaliwa mara ya pili, kama jina lilivyozaliwa.

Akaijenga mashua uani kwake, kutoka kichwani, bila mchoro, na alichokijenga kilikuwa chombo cha bahari. Hapo ndipo mafundi wa mitumbwi walipopata kicheko cha mwaka. Mtumbwi wetu tumbo lake ni bapa, unateleza juu ya mchanga. Yeye aliiwekea mashua yake mguu chini, mkuku mrefu kwenda chini ya maji, umefungwa vipande vya reli vilivyotupwa. Walimwambia. Kwa heri na kwa shari walimwambia. Tonton, huu mto una mchanga! Akajibu kwamba bila mguu, upepo ukija ubavuni chombo kinakwenda kama kaa, na yeye atarudi akipanda mto, hawezi kupanda kama kaa.

Siku ya kuishusha majini, nusu ya soko ilikuja. Akasukuma, akapanda, mashua ikaenda vizuri mpaka mahali ambapo mtoto anaweza kusimama, ikasema kwii, ikakaa. Upande mmoja. Imelala kama mbuzi mgonjwa.

"Tonton!" mtu mmoja akapiga kelele, "ku mayi batu habatembeake na miguu!"

Wakaanguka kwa kicheko, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pia, mpaka nikamwona ameshika mlingoti kwa mikono miwili. Walimwambia ukate mguu, nusu tu. Akakataa. Akaikokota mashua uani kwake, akangoja mto ujae. Mto ule mwaka ule haukujaa. Mwaka uliofuata ukajaa kidogo, ukaona haya, ukarudi. Naye anangoja, anapaka lami, anamenya muhogo, anaonja mvua.

Katika kungoja huko aliniletea merikani, gora zima, akaniomba nimshonee tanga. Nilishona kwa wiki nyingi. Kitambaa kilijaza chumba, kikatoka mlangoni, kuku wakalala juu yake. Na hapa niseme wazi, maana nimezeeka na aibu zimeniisha: kila mshono niliojaza, nilijua nashona nini. Akiitwa na mama yake, atakuwa hai. Akiwa hai, atakuwa na dada wa kumpikia, na wajomba, na kiti kwenye kila uga pale kwenye maporomoko. Atakula kwangu kwa nini? Nilikuwa nashona mlango wake wa kutokea. Je, nilimpenda? Nilizoea kikohozi chake asubuhi, na huko kwetu Kasongo tunasema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Nami nilikuwa nawafupishia njia ndugu wa mbali kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaendelea kushona, na kila mwisho wa mshono nikarudi nyuma kidogo, nikafunga fundo.

Kisha ukaja mwaka ambao mto ulijaa mpaka ukaingia sokoni. Wauza kwanga, ile mikate ya muhogo, walihama na meza zao. Mawe ya maporomoko yote yalizama, nguzo za mitego zikabaki vichwa. Jirani hakuaga mtu. Niliona tu uani kwake hakuna kitu, magogo mawili na nyasi ya njano pale mashua ilipokaa.

Akakawia. Nikaanza kutega sikio kwa kikohozi ambacho hakikuwepo. Watu wakasema safari hii amekwenda kweli, na hakuna wa kumlilia, maana mtu haliliwi mara mbili. Nilifikiri nitamlilia mimi, ila mimi sikuwa na haki ya jina.

Siku alipoonekana, ilikuwa baada ya swala ya adhuhuri. Wauza kuni wa upande wa bandari ndio waliopiga kelele kwanza. Kule chini, karibu na ukingo, doa jeupe. Msifikiri lilikuja kwa kasi kama katika hadithi. Upepo wa mchana kwetu ni wa uvivu, na mto uliojaa unasukuma. Doa lilikaa pale pale. Watu walitazama, wakaenda kula, wakarudi, nalo limesogea urefu wa nyumba chache. Alikuwa anatafuta yale maji ya pembeni yanayorudi nyuma, anayoyajua tangu utoto, anateleza humo, anatoka, anasukumwa chini, anaanza tena. Hakuna aliyecheka. Mvuvi mmoja mzee, aliyemlilia, ambaye hakuwa amemtazama usoni tangu arudi, alianza kusema polepole kwa meno yaliyofungwa, "Kushoto. Kushoto kidogo. Njo vile." Mimi nilisimama na kitambaa cha mtu mkononi, sindano imo.

Ule muda wote ulimtosha bibi kuletwa. Dada alimshika mkono. Mashua ilipogusa ukingo chini ya maporomoko, na tanga likaanguka, watu walimfungulia njia. Jirani hakushuka. Alikaa nyuma, mkono kwenye usukani, anatazama chini.

Bibi akagusa mbao. Akagusa kamba. Akalipata tanga, akauokota upindo wake, na kidole kikaanza kutembea. Nilijua kinakokwenda. Kikatembea mpaka mwisho wa mshono, kikasimama kwenye fundo.

"Zaina," akasema, bila kugeuka.

"Niko hapa, mama."

"Hii ni mukono yako."

Watu walidhani anasifu kazi. Jirani peke yake ndiye aliyeinua kichwa.

"Ni mkono wangu, mama," nikasema.

Akalisugua fundo lile kwa muda. Ile haikuwa mashua iliyomchukua mwanawe, na sasa alilijua hilo kwa mkono, si kwa maneno ya sokoni, na kama angetaka kufunga mlango, ufunguo alikuwa nao kidoleni. Kisha akaliachia tanga, akaelekeza uso wake kwenye maji, akaliita lile jina. Aliita kwa sauti ya mtu anayeita mtoto aje kula.

"Niko hapa, koko!" akamwitikia bibi yake yule mtoto wa dada, nyuma ya wanawake, na kokoto zake mfukoni.

Na jirani yangu ndani ya mashua hakusogea. Hata mabega. Alikuwa amejizoeza vizuri mno.

"Haiko wewe," bibi akamwambia mtoto. "Wewe baki na lako, hakuna atakayekunyang'anya. Naita yule mukubwa."

Akaita tena. Ikabidi mvuvi yule mzee amguse jirani bega. Jirani akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa ni kile kikohozi changu cha asubuhi. Kilitosha. Bibi alinyoosha mkono, na mkono ukapokewa. Nasikia usiku ule jirani alikula samaki, sahani mbili, mbele ya watu wote. Mtoto hakuanguka, wala hajaanguka mpaka leo.

Nikarudi nyumbani, nikamalizia kitambaa cha mtu.

Yaliyofuata ni kama nilivyojua. Alihamia kwao. Nikimwona sokoni, niliona mgongo wake kati ya migongo ya wajomba, na jina lile likiitwa huku na huku, naye anaitika kwa tabu, kama mtu aliyevaa viatu vipya. Kunisalimu alinisalimu. Ila mtu mwenye ndugu wengi hana jioni. Mimi nilibaki na sahani moja ya ziada, na mvua zilipoanza niliamka kutega sikio kwa beseni.

Bibi alipokufa, mwanawe ndiye aliyetia udongo wa kwanza. Nami baada ya hapo nikaamua kurudi kwetu, kwa dada yangu. Nilifunga cherehani kwenye blanketi, nikaenda ukingoni kutafuta wa kunivusha hadi treni ya Ubundu, na aliyekuwa anavusha watu siku ile alikuwa yeye, na mashua ile ile. Tanga lilikuwa limechakaa, limetiwa viraka kwa mkono wa mtu asiyejua kushona.

Nilipopanda nikaona jinsi inavyokaa juu ya maji, nyepesi.

"Umeukata mguu," nikasema.

"Nimeukata. Muchanga mingi." Akavuta kamba. "Na mi siendi tena mbali."

Tulikuwa na abiria wengine, wauza mafuta ya mawese. Katikati ya mto manyunyu yakaanza. Akatoa kiganja nje, akangoja, akaonja.

"Bado?" nikamwuliza.

"Imenyamaza," akasema.

Ng'ambo ya kushoto akanishushia cherehani, akampa mchukuzi, akamwonya asiigonge. Nilipanda ukingo, na nilipofika juu nikafikiri: Zaina, mtu huyu amelitafuta jina lake katika bahari mbili na mto mmoja, na wewe hujawahi kumpa hata mara moja. Sasa ni halali kwa kila mtu. Muage nalo. Nikageuka, nikaliita.

Alikuwa ameinama, anasukuma mashua mchangani. Hakugeuka. Nikadhani ni upepo, nikaita kwa nguvu zaidi. Wauza mawese wakanitazama, wakamtazama. Yeye anasukuma tu.

"Jirani!" nikaita.

Akageuka.